"Sahihi" na "Dhaifu": Istilahi za Hadithi katika Vitabu vya Sala

Vitabu vidogo vya Kiswahili vifundishavyo sala huachana mapema sana: katika dua ya kufungulia sala, isomwayo baina ya takbiri ya kwanza na Al-Fatiha. Wafuasi wa Imam Shafi, walio wengi katika pwani ya Kenya, wamezoea Wajjahtu. Wafuasi wa Abu Hanifa, madhehebu yaliyoenea Bara Hindi, wamezoea Subhanaka. Katika mji wa reli kama Voi, uliokutanisha watu wa pwani, wa bara na wa Bara Hindi, dua zote mbili zaweza kusomwa katika safu moja.

Waandishi wanaotaka kuamua baina yao hutegemea ukosoaji wa hadithi. Ushahidi wenyewe ni huu. Wajjahtu imepokewa kwa Ali katika mkusanyo wa Muslim, ila Muslim ameiweka katika mlango wa sala ya usiku. Subhanaka imepokewa kwa Aisha katika Abu Daud na Tirmidhi. Tirmidhi ametaja kuwa mpokezi wake mmoja, Haritha, alitiliwa shaka kwa kumbukumbu yake. Muslim ameeleza pia kuwa Umar aliisoma kwa sauti, lakini Abda aliyeipokea habari hiyo hakukutana na Umar. Katika karne ya 20, Albani alizikusanya njia zake mbalimbali akaikubali. Dua iliyokubaliwa na Bukhari na Muslim pamoja ni nyingine kabisa, ya Abu Huraira.

Kasoro ya vitabu hivi haimo katika elimu ya wapokezi bali katika lugha. Waandishi huyaacha maneno "sahihi" na "dhaifu" kama yalivyo, kwa kuwa tayari ni ya Kiswahili. Lakini mkosoaji wa Kiarabu asemapo hadithi si sahihi, huenda akawa anakusudia tu kuwa haikufika daraja ya juu. Yaweza bado kuwa hasan, nayo hutumika. Katika Kiswahili kisicho sahihi ni kosa, na dhaifu ni mnyonge. Neno "hadithi" lenyewe ni pia jina la ngano za watoto. Mdawida au Mtaveta aliyejifunza dini kwa Kiswahili, lugha yake ya pili, akisoma kwamba dua ya jirani yake imejengwa juu ya "hadithi dhaifu", ataondoka akidhani kuwa sala ya jirani imeharibika. Hakuna imamu kati ya wale wanne aliyesema hivyo: Shafi na Abu Hanifa waliihesabu dua ya kufungulia kuwa sunna, na Malik hakuipendekeza katika sala ya faradhi.

Tiba yake si kubuni istilahi mpya. Mwandishi na aseme wazi ni kitu gani kilichopimwa: "mpokezi mmoja alilaumiwa kwa kusahau", au "silsila imekatika hapa". Sentensi itarefuka, lakini hukumu itabaki juu ya mapokezi, wala haitamwangukia asaliye.