Vita Bila Njaa

Nimekisoma kitabu cha kumbukumbu cha Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani katika nchi yetu, kilichotolewa mwaka 1920. Kama maelezo ya mapigano, ni kitabu kizuri. Shambulio lake la Kondoa-Irangi la Mei 1916 limeelezwa na mtu aliyelipanga mwenyewe, likamshinda, akarudi nyuma.

Mwishoni mwa Julai mwaka huo majeshi ya Van Deventer yaliingia Dodoma. Vita vikahamia kusini, na kitabu kikahama navyo. Huku kwetu Ugogo, ndipo mambo yalipoanza. Majeshi ya pande zote mbili yalikuwa yamechukua ng'ombe, nafaka na vijana wa kubeba mizigo. Mvua zilipokosekana, watu hawakuwa na akiba wala mifugo ya kuuza. Ikaja njaa ya Mtunya, kati ya 1917 na 1920, ikaua maelfu.

Simlaumu kwa kutoiandika njaa ambayo hakuishuhudia. Lawama yangu ni kwamba chakula, katika kurasa zake, ni hesabu ya jeshi: kimepatikana au kimepungua. Msomaji haambiwi kilitoka ghala la nani, na mwenye ghala alikula nini baadaye.

Wahenga walisema wapiganapo tembo nyasi huumia. Ni kweli, ila nyasi huota tena. Waliozikwa wakati wa Mtunya hawakuota. Kwa hiyo, anayetaka kuvijua vita vile akisome kitabu hiki, kisha awaulize wazee wa Ugogo waliyosimuliwa na wazazi wao.