Sirinji, Kijiko cha Chai na Chupa Tano

Kabati ni la mvule, limeegeshwa kwenye ukuta ambao jua la alasiri haliufikii. Ndani mna chupa 31 za wiski, zote zimesimama wima. Mwenyewe alikuwa fundi wa injini za meli, sasa amestaafu na kutulia Mombasa. Wenzake walipokuwa wakirudi safarini na redio na mablanketi, yeye alirudi na chupa moja iliyoviringishwa ndani ya ovaroli. Tunamwita Kapteni kwa utani, ingawa miaka yake yote ya bahari aliimaliza chini, kwenye joto la mashine, na hakuwahi kushika usukani.

Mara ya kwanza kutualika alitufanyia ungwana wa kawaida wa Pwani. Alifungua milango yote miwili ya kabati akasema, "Karibuni, hapa ni kwenu, kila mtu achague." Tukachagua. Mmoja wetu alivutiwa na chupa ya kijani, akaanza na Ardbeg, wiski yenye moshi kama wa jiko la kuni lililomwagiwa maji. Mwingine alijaza nusu bilauri kwa wiski ya miaka 18, akamalizia na Stoney. Kufikia saa nne usiku hakuna aliyejua anakunywa nini, na chupa mbili zilikuwa zimebaki na vidole viwili chini. Kapteni hakusema neno. Mgeni hakemewi.

Mwezi uliopita alituita tena, watu watano walewale, kabati lilelile. Safari hii mambo yalinyooka kiasi kwamba nilirudi nyumbani nikaandika alivyofanya, tangu mwanzo hadi mwisho. Nikiyasoma maandishi hayo naona karibu kila hatua ilikuwa ya kuondoa kitu. Alipunguza chupa, akapunguza kipimo, akafukuza harufu, akanyima barafu, na zaidi ya yote akatuondolea uhuru wa kuchagua.

Kati ya chupa 31 alitoa tano. Hesabu yake ni ya kifundi: pua huchoka kabla ya ulimi, na ulimi huchoka kabla mtu hajatambua. Ukishafika kwenye wiski ya saba unakunywa jina lililoandikwa kwenye karatasi tu. Wala hakuchagua tano za bei kubwa. Alichagua tano ambazo kila moja imetengenezwa kwa njia yake, kisha akazipanga ili ile iliyotangulia iifafanue inayofuata.

Ya kwanza ilikuwa Redbreast ya miaka 12, kutoka Midleton katika jimbo la Cork, Ayalandi. Hupikwa kwa shayiri iliyooteshwa kuwa kimea ikichanganywa na shayiri isiyooteshwa, desturi iliyoshamiri huko zamani kwa sababu kimea kilitozwa kodi, tena hukenekwa mara tatu. Ni laini, ina uzito wa mafuta mdomoni, na nguvu yake ni asilimia 40. Mtu aliyezoea bia anaweza kuinywa bila kukunja uso. Ya pili, Glenmorangie ya miaka 10 kutoka kaskazini mwa Uskoti, nayo ni asilimia 40. Mitungi yao ya kukenekea ina shingo ya zaidi ya mita 5, kwa hiyo mvuke mzito hushindwa kupanda hadi juu na kudondoka tena, ukapita ule mwepesi peke yake. Anayejua chang'aa inavyopikwa kwa pipa na mpira mfupi ataelewa mara moja shingo ndefu inaondoa nini.

Hapa ndipo nilipoanza kumvulia Kapteni kofia. Baada ya Glenmorangie alimimina Maker's Mark, wiski ya Kentucky, ya mahindi. Nilidhani amevuruga mpangilio: Mmarekani mwenye asilimia 45 anatafuta nini katikati ya Waskoti? Lakini sheria ya Marekani inataka bourbon iwe na mahindi yasiyopungua asilimia 51 na ikae ndani ya vyombo vipya vya mwaloni vilivyochomwa ndani. Vipya. Pipa likishatumika mara moja halifai tena kwa bourbon, hivyo mengi huvushwa bahari na kuuzwa Uskoti, na Glenmorangie hukomaza pombe yake humo. Tulipoionja ile ya mahindi, dada mmoja aliyekuwa kimya tangu aingie alisema, "Hii vanila si ndiyo ilikuwemo kwenye ile ya pili?" Ndiyo hasa. Kwenye ya pili ilikuwa mnong'ono, kwenye ya tatu ikawa sauti. Kapteni hakuwa ametoa maelezo yoyote. Mpangilio wa chupa ulimfundisha dada yule. Angezigeuza hizo mbili, bourbon ikatangulia, ile nyepesi ingeonekana maji matupu.

Ya nne ilikuwa Glenfarclas 105, iliyokomazwa kwenye mapipa ya mvinyo wa sheri wa Hispania. Namba ile hutatiza watu. Ni kipimo cha zamani cha Waingereza, ambacho 100 yake ni sawa na asilimia 57 hivi, kwa hiyo 105 ni asilimia 60. Husimuliwa kwamba zamani wakaguzi walimwagia baruti pombe, kisha wakaitia moto; ikiwaka, pombe imethibitika. Ya mwisho ikawa Ardbeg ya miaka 10, asilimia 46, kutoka kisiwa cha Islay, ambako kimea hukaushwa kwa moshi wa piti, yaani udongo mweusi wa vinamasi unaokatwa kama matofali, ukaanikwa na kuchomwa kama kuni. Moshi huo ukishakaa ulimini hautoki kwa maji. Ndiyo sababu kuanza nao, kama tulivyofanya ule usiku wa kwanza, kulituharibia kila kilichofuata.

Sasa kipimo. Kapteni ana sirinji ya mililita 20 aliyonunua duka la dawa, haina sindano. Kila mtu alipata mililita 15 za kila chupa, si tone zaidi. Wageni walicheka. Mmoja aliuliza kama tutadungwa. Lakini fanya hesabu: tano mara 15 ni mililita 75, na ukizingatia nguvu ya kila chupa unapata kama mililita 35 za alkoholi tupu. Chupa ya Tusker ya nusu lita, yenye asilimia 4.2, ina mililita 21. Maana yake, usiku mzima, wiski tano, kila mgeni alikunywa chini ya Tusker mbili. Tungemiminiwa kwa mkono, mililita 50 kila mara, kama mikono ya wakarimu inavyofanya, tungekuwa tumemeza zaidi ya Tusker tano, na hiyo chupa ya tano, ndiyo yenye mengi ya kusemwa, tungeikuta tumeshalewa.

Na kabati nalo lilinusurika. Watu sita pamoja na mwenyeji, mililita 15 kila mmoja, ni 90. Kwenye chupa ya mililita 700 hiyo ni kama sehemu moja ya nane. Chupa haikubadilika sura.

Tulipofika kwenye ile ya asilimia 60, Kapteni alitoa kijiko cha chai. Alitutaka kwanza tunuse bila kugusa, na kila aliyenusa alirudisha kichwa nyuma: spiriti tupu, inachoma. Kisha akamwagia kila bilauri kijiko kimoja cha maji. Kijiko cha chai ni mililita 5. Mililita 15 za asilimia 60 zikiongezwa 5 za maji zinashuka hadi karibu asilimia 45. Tukanusa tena. Zabibu kavu, ngozi ya viatu vipya, kahawa, na mmoja akataja halua. Vyote vilikuwa humo tangu mwanzo, vimefunikwa.

Mwaka 2017 wanasayansi wawili wa Chuo Kikuu cha Linnaeus huko Sweden, Björn Karlsson na Ran Friedman, walilichunguza jambo hili kwa uigaji wa kompyuta. Walifuatilia gwayakoli, mojawapo ya molekuli zinazoipa wiski harufu ya moshi, wakaona kwamba alkoholi ikiwa asilimia 45 au chini yake molekuli hiyo hukaa juu, pale kimiminika kinapokutana na hewa, ambapo pua inaweza kuipata. Ikizidi asilimia 59, alkoholi huizingira na kuivuta ndani. Kapteni anaupenda sana utafiti huo na huutaja kama mtu anayetaja aya. Mimi ningemwongezea tahadhari: Glenfarclas haina moshi wa kutajika, kwa hiyo gwayakoli haielezi halua. Kilichotusaidia zaidi ni jambo la kawaida, kwamba alkoholi iliyopunguzwa haiumizi pua, na pua isiyoumizwa hufanya kazi. Hata hivyo kijiko chake kilikuwa sahihi.

Kuhusu harufu, palikuwa na mazungumzo ya ndani ambayo mwenyeji alinisimulia baadaye. Mama mwenye nyumba hafikirii kupokea wageni bila kufukiza udi, na ana haki, hiyo ndiyo heshima ya nyumba. Wakakubaliana udi ufukizwe mchana, madirisha yafunguliwe, kisha chetezo kirudi jioni pamoja na pilau, baada ya chupa ya tano. Viazi karai na pilipili navyo vilisubiri jikoni. Mezani palikuwa na mkate mtupu, korosho zisizo na chumvi na maji. Bilauri zilikuwa za mvinyo, ndogo, zenye mdomo mwembamba kuliko tumbo. Bilauri maalumu za Glencairn, zile zilizotoka Uskoti mwaka 2001, Kapteni anazo mbili tu, na hakutaka wengine wajione wamepewa za daraja la pili. Istikani alizikataa kabisa, kwani mdomo wake umefunguka na harufu inatawanyika kabla hujaisogeza puani.

Baada ya chupa ya tatu umeme ukakatika. Kiyoyozi kilikuwa kimekishikilia chumba kwenye nyuzi 22. Dakika 20 baadaye tulikuwa tukitokwa jasho, na tulikuwa bado hatujagusa zile mbili kali. Wiski ikipata joto, alkoholi hukimbilia juu haraka na kuzifunika harufu nyingine, na wazo la kwanza la kila mmoja wetu lilikuwa barafu. Barafu ingeleta makosa mawili kwa mpigo. Ingeongeza maji bila kipimo kadiri inavyoyeyuka, na ubaridi ungezifanya harufu zilale. Ardbeg ingefifia hata kwa macho, kwa sababu haichujwi kwa baridi kiwandani na mafuta yake huganda na kuleta ukungu ikipozwa.

Kapteni alichukua bakuli la kunawia, akatia maji na barafu, akazisimamisha bilauri humo kwa kina cha kidole kimoja tu, kwa nusu dakika, kisha akazifuta. Barafu ilibaki nje ya bilauri. Miaka yake ya kupoza injini kwa maji yanayozunguka nje ya silinda haikupotea bure. Tukaendelea kwa mwanga wa taa za chemli, na nitasema kweli kwamba Ardbeg ilifaidika na giza. Kila mtu aliutafuta moshi ule kwenye kumbukumbu zake. Mmoja alisema samaki wa kukausha, mwingine bandeji na dawa ya kidonda. Rafiki yetu kutoka Eldoret alitabasamu akasema mursik, kibuyu cha nyumbani kilichosuguliwa mkaa. Mama mwenye nyumba, ambaye hanywi, alinusa tu na kutaja mtungi uliofukizwa ubani. Nadhani yeye ndiye aliyekaribia zaidi.

Lipo kosa ninalomhesabia. Hakuficha chupa. Tangu tulipoketi, ile ya kijani ilikuwa mezani, na kwa kuwa sote tulikuwepo usiku wa kwanza, tulikaa tukiisubiri kama wanaomsubiri jambazi wa filamu. Magazeti mawili ya kuviringishia chupa na namba kwa kalamu ya wino mzito vingetosha. Kuna mtu alisifu ya nne kabla haijafika puani kwa kuwa alijua bei yake. Jambo la pili ni dogo: chupa ya Black Label aliyoiweka pembeni kwa wanaotaka kuchanganya na soda ingetolewa pamoja na pilau, si mapema. Ila kuiweka ilikuwa busara. Yule mtu wa Stoney aliipata Stoney yake, na ile ya miaka 18 haikutoka kabatini.

Mmoja wetu alikuwa ndiye dereva. Alinusa zote tano, hakumeza hata moja. Mwenyeji alimjazia kwa sirinji vichupa vitano vidogo vya dawa vilivyochemshwa na kukaushwa, akabandika namba, akamwambia avinywe kwa mpangilio uleule, tena ndani ya mwezi, maana kichupa kikikaa na hewa nyingi wiski hufifia.

Sheria hiyohiyo ya hewa anaitumia kwa kabati zima. Wiski haizeeki ndani ya chupa iliyofungwa, lakini ikishafunguliwa na kushuka chini ya nusu, hewa iliyomo huanza kuila taratibu, na joto la Mombasa halisaidii. Ana daftari la shule ambamo kila chupa ina ukurasa: siku ilipofunguliwa, kimo kwa sentimita, tarehe ya kuimaliza. Asubuhi yake alinipigia simu. Redbreast imefika theluthi, alisema, na tarehe niliyoiandikia ni mwisho wa mwezi huu. Njoo Jumamosi, na mwambie yule dada wa vanila.