Jarida Lisilosomwa, Bei Isiyotulia

Wahenga walinena kuwa kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii huonekana haina mjadala mpaka inapofikishwa kwenye soko la majarida ya katuni ya Marekani, ambako hata kizuri hutembezwa, na ambako wauzaji na wanunuzi wamezozana kwa zaidi ya miaka 50 juu ya swali moja: thamani ya kazi ya sanaa hutoka wapi? Swali hili haliwahusu wakusanyaji wa katuni peke yao. Ni swali la kila apendaye fasihi, na namna soko hilo linavyolijibu inastahili kuhakikiwa kama inavyohakikiwa diwani.

Utaratibu wenyewe una historia fupi. Mwaka 1970 Robert Overstreet alichapisha mwongozo wake wa kwanza wa bei za majarida ya katuni, na tangu hapo wakusanyaji wakawa na kitabu cha kukirejea na cha kukipinga. Lakini mwongozo haukuweza kumzuia muuzaji kuliita safi jarida ambalo mnunuzi aliliona chakavu. Mwaka 2000 ikaanza kazi kampuni ya CGC. Mkusanyaji hulipeleka jarida lake huko, likakaguliwa na wajuzi, likapewa alama baina ya 0.5 na 10, kisha likafungiwa ndani ya kasha gumu la plastiki lenye lebo. Lebo ya buluu ni ya jarida lisiloonekana kutiwa mkono. Ya zambarau hulifichua lililokarabatiwa kwa rangi, gundi au kipande cha karatasi kilichopachikwa. Si haki kuubeza utaratibu huu. Kabla yake mtu aliweza kulipia jalada lililopakwa rangi akidhani ni la asili, na lebo ya zambarau imewaepusha wengi na hasara hiyo.

Hata hivyo, ugomvi haukwisha; ulihama tu. Zamani watu waligombania maneno ya muuzaji. Sasa wanagombania nukta. Baina ya 9.6 na 9.8 jicho la kawaida halioni tofauti, ilhali bei huweza kuruka maradufu. Wapo wanaolipiga jarida pasi, yaani kulibana kwa joto na uzito mpaka mikunjo inyooke, kisha wakalirudisha kupimwa upya wakitarajia alama kubwa zaidi. CGC hailihesabu jambo hilo kuwa ni ukarabati. Wapinzani wake wanaliona kuwa ni ukarabati ulionyimwa jina. Wengine huuliza itakuwaje mwamuzi alipwe na mwenye mali, tena kwa ada inayopanda kadiri thamani ya mali inavyopanda. Mwanzoni mwa 2024, ilipobainika kuwa baadhi ya makasha yalikuwa yamechezewa, jarida duni likawekwa mahali pa jarida bora, na kampuni yenyewe ikatoa orodha ya yaliyotiliwa shaka, imani ya wengi ilitikisika. Ikadhihirika kwamba kwa muda mrefu kilichokuwa kikinunuliwa ni lebo.

Mzozo ulio karibu zaidi na fasihi ni ule wa mara ya kwanza. Soko hulipa sana kwa jarida ambamo mhusika mashuhuri alijitokeza kwanza. Wolverine anaonekana kwenye picha ya mwisho ya toleo la 180 la The Incredible Hulk, la Oktoba 1974; katika toleo la 181, la Novemba, kisa kilichoandikwa na Len Wein na kuchorwa na Herb Trimpe kinamweka katikati ya mapambano. Je, mhusika huzaliwa pale anapochungulia mlangoni, au pale anapoingia na kutenda? Hili ni swali la kweli la uhakiki, na kila jibu lingeweza kutetewa kwa kuyasoma matoleo yote mawili. Soko limelijibu kwa njia yake: toleo la 181 hulipita la 180 kwa bei, tena kwa mbali, na mara nyingi hoja ya mtu huwa inalingana na jarida alilonalo kabatini. Hoja ya uhakiki imegeuka kuwa hoja ya udalali.

Toleo hilohilo la 181 lina jambo jingine, linalosema mengi kuliko bei yake. Katika miaka hiyo Marvel ilichapa ndani ya majarida yake stempu ndogo zenye picha za wahusika, ikawahimiza wasomaji, wengi wao watoto, wazikate na kuzibandika katika kijitabu maalumu. Waliotii walishika mkasi. Leo nakala iliyokatwa stempu huporomoka thamani, hata kama jalada lake linang'aa. Msomaji aliyefanya kile alichoambiwa na jarida ndiye aliyeliharibu machoni mwa soko. Aliyelitia sandukuni bila ya kulifungua ndiye aliyelitunza. Hapa ndipo kipimo chenyewe kinapojihukumu. Alama ya 9.8 haisemi kuwa kisa ni kizuri, wala kuwa mchoro una uhai. Inasema kwamba karibu hapana mkono uliolipitia. Ni sifa ya kutosomwa.

Kisha kuna uvumishaji. Novemba 1992 kampuni ya DC ilimuua Superman katika toleo la 75 la jarida lake, na nakala zikauzwa ndani ya mfuko mweusi pamoja na kitambaa cheusi cha msiba cha kuvaa mkononi. Watu walipanga foleni, wengi wakinunua nakala kadhaa na kuziacha ndani ya mfuko wake kwa kuamini kuwa wamejiwekea akiba. Zilichapwa kwa mamilioni. Kitu kilichohifadhiwa na kila mtu hakiwezi kuwa adimu. Superman alifufuka 1993, soko likaporomoka, maduka mengi yakafungwa, na Desemba 1996 Marvel ikaomba mahakamani kinga ya muflisi. Ngoma ikivuma sana hupasuka. Lakini somo halikudumu. Toleo la kwanza la The Eternals la Jack Kirby, la 1976, lilipanda bei filamu yake ilipotangazwa 2019, likashuka baada ya filamu hiyo kuonyeshwa 2021. Katika kupanda na kushuka huko, hapana mstari hata mmoja wa Kirby uliobadilika.

Toleo la kwanza la Action Comics, la Juni 1938, liliuzwa kwa senti 10. Jerry Siegel na Joe Shuster, vijana wawili wa Cleveland, walilipwa dola 130 kwa Superman, na haki zote zikaenda kwa mchapishaji. Aprili 2024 nakala moja yenye alama ya 8.5 ilinadiwa kwa dola milioni 6. Baina ya tarakimu hizo wapo watu wawili waliozeeka katika dhiki, hadi mwaka 1975, baada ya wasanii wenzao kupaza sauti, ndipo kampuni ya Warner ilipokubali kuwalipa dola 20,000 kwa mwaka kila mmoja na kuyarejesha majina yao kwenye kazi yao. Katika mabishano ya iwapo bei ni ya haki au ya kuvumishwa, watunzi hao hutajwa kwa nadra. Wanaotajwa ni aliyeuza, aliyenunua na aliyepima.

Watetezi wa soko hujibu kwamba kisa chenyewe hakikufungiwa: kimechapwa upya mara nyingi na hupatikana kwa bei ndogo. Ni kweli, na ukweli huo ndio unaothibitisha kuwa milioni hizo hazikununua kisa. Zilinunua karatasi, na karatasi ina haki ya kuwa na bei yake, mradi bei hiyo isiitwe hukumu juu ya sanaa. Wapo wakusanyaji wachache wanaolipasua kasha, wakaipoteza alama waliyoilipia, ili waufungue ukurasa wa kwanza. Sokoni huonekana wamekula hasara. Lakini atakapotafutwa mtu wa kueleza jarida hilo lina nini ndani yake, ni hao watakaokuwa na la kusema.