Odebrecht hakupaswa kugeuza omo

Saa tatu u nusu asubuhi, tarehe 9 Februari 1916, mbele ya mdomo wa Lukuga, Luteni Job Odebrecht aliona vyombo vya adui vinamjia, akakata kushoto na kukimbia. Hapo sina ugomvi naye. Ugomvi wangu unaanza pale alipoacha kukimbia, akaizungusha meli yake ya Kijerumani, Hedwig von Wissmann, ili apigane na Mimi, boti ya Waingereza. Miaka yote ninayoisoma vita ya ziwa letu, Tanganyika, nikifika hapo damu inanichemka.

Hesabu ya asubuhi ile mnaijua. Hedwig ilikuwa inakwenda noti 9. Fifi, ambayo ndiyo Kingani ya Wajerumani wenyewe iliyotekwa Krismasi ilipopita na kubadilishwa jina, ilikuwa inakwenda noti 8, na kila ilipopiga mzinga wake wa ratili 12, kishindo kiliisimamisha majini. Kwa hiyo mzinga pekee uliokuwa na uwezo wa kuiua Hedwig ulikuwa kwenye chombo kisichoweza kuifikia. Mimi ilikuwa na mbio, ndiyo, lakini ilibeba kimzinga cha ratili 3. Na mbele huko kulikuwa na Götzen, meli kubwa kuliko zote ziwani, yenye mzinga wa milimita 105 uliotolewa kwenye manowari Königsberg. Odebrecht na mkuu wake, Gustav Zimmer, walikuwa wamepangiwa kukutana siku ile ile. Kazi yake ilikuwa moja tu: kushika njia.

Wanaomtetea huniambia kwamba Mimi ilikuwa inamdonoa kwa nyuma, kwamba mizinga yake ya shetrini haikufika mbali kama wa Mimi, na kwamba nahodha hawezi kupigwa asijibu. Nawauliza: kupigwa na nini? Risasi za Mimi zilikuwa zinapita pembeni. Boti nyepesi ya mbao ikikimbia kwa moteri zote, sakafu inaruka chini ya miguu ya mpigaji. Mvuvi yeyote wa Baraka aliyewahi kuvuka kwenda Ubwari jua likiwa limepanda na mawimbi yameamka anajua kwamba hata kumimina maji kikombeni ni kazi, sembuse kulenga. Odebrecht alipaswa kuvumilia zile ratili 3. Hata kama mojawapo ingempata, meli ya chuma haizami kwa tundu moja dogo la juu.

Badala yake akageuza omo, ili mzinga wake wa mbele upate kusema. Vyombo viwili vikaanza kuzungukana kama majogoo, huyu hampati yule, yule hampati huyu. Tazameni maana ya duara katika mbio. Kwa aliyekuwa anakuzidi mwendo hupotezi kitu, kwa kuwa alishakufikia. Uliyekuwa unamwacha nyuma ndiye unayempa zawadi. Fifi, na noti zake 8, na moshi wake, na Spicer-Simson, kamanda wa Waingereza, akiwa humo ndani, ilisogea taratibu mpaka ikaingia kwenye masafa. Kila nusu duara ya Odebrecht ilikuwa mita walizopewa Waingereza bure.

Nao walikuwa wamebakiwa na risasi tatu za mzinga ule mkubwa. Tatu! Moja ikakwama, mzinga ukanyamaza dakika ishirini, na Hedwig ikakimbia tena, ikafungua mwanya tena. Hilo alifanya vizuri. Lakini mwanya wa dakika ishirini haukutosha kurudisha ule alioupoteza kwenye duara. Risasi moja ikatoboa ubavu, ya pili ikaingia chumba cha mashine na kupasua tangi la mvuke. Waafrika watano na Wajerumani wawili wakafa. Akaamuru watu waihame meli na baruti itegwe, kwa utaratibu mzuri, akatekwa.

Wale watano walikuwa chini, kwenye joto la moto. Nimelilalamikia hili na nitaendelea kulilalamikia: vitabu vina jina la nahodha, vina jina la kila boti, vinasimulia hata bendera ya manowari ya Kijerumani iliyookotwa majini, ya kwanza kutekwa katika vita ile. Walioendesha mashine wameachiwa tarakimu. Ndivyo ilivyo pia kwa wapagazi waliovusha Mimi na boti mwenzake Toutou juu ya milima ya Mitumba.

Zimmer naye simsamehe. Aliitoa Kingani peke yake tarehe 26 Desemba 1915, ina mzinga unaopiga mbele tu, akampoteza nahodha wake Junge na chombo. Akaja kuitoa Hedwig peke yake vilevile. Linganisheni na Agosti 1914, Hedwig ikiwa mikononi mwa Horn: alivuka, akaipiga Alexandre Delcommune ya Wabelgiji, akarudi, na ziwa likawa lao kwa zaidi ya mwaka. Horn alijua anachofuata na alijua saa ya kuondoka. Na sisi wa upande wa Fizi tuna mfano wa karibu zaidi. Novemba 1965 Che Guevara aliondoka Kibamba usiku kwenda Kigoma, boti za doria zikiwa majini. Ameshindwa vita, ana uchungu, ana silaha mkononi, lakini hakugeuza omo kutafuta heshima. Akafika.

Odebrecht alikuwa hajatimiza miaka 24, na kijana husamehewa mengi. Lakini hakubaki kijana. Katika vita ya pili alivaa sare ya jeshi la anga la Hitler, akapanda mpaka Jenerali wa mizinga ya kutungulia ndege, akaongoza Kikosi Kikuu cha II cha mizinga hiyo upande wa Mashariki, na mwaka 1944 akapewa Msalaba wa Shujaa. Wanaoandika maisha yake huanzia kwenye nishani hizo na kulipitia ziwa letu kwa sentensi moja. Kwangu, afisa anapimwa siku anapokuwa peke yake, hana wa kumwuliza, na alipewa siku hiyo moja, hapa kwetu.

Kesho yake baada ya pigano lile, Götzen ilipita polepole mbele ya Lukuga, inamtafuta Odebrecht. Maafisa wa Spicer-Simson walitaka watoke waipige. Yeye aliitazama, akakataa, akabaki bandarini. Mzinga ule ule wa Götzen ambao Odebrecht alitakiwa kuukimbilia ulimfungia adui ndani bila kupigana.