Kalamu Nyekundu ya Mwalimu wa Sayansi

Wengi wakimsifu mwalimu wa sayansi husifu wepesi wake wa kukokotoa, au anavyochanganya kemikali bila kuunguza meza. Mimi namsifu yule anayesahihisha sentensi, hasa wa shule ya kata ambayo maabara yake iliishia kwenye lenta.

Mtazame akifundisha uotaji wa mbegu. Vifaa ni chupa ya maji iliyokatwa, pamba, punje za maharage na rula. Baada ya siku kadhaa mtoto anaandika: "Mmea umekua vizuri." Mwalimu analizungushia neno la mwisho na kuuliza pembeni: vizuri kiasi gani? Mtoto anarudi na rula. "Shina lina sentimita 4, limepinda kuelekea dirishani." Kule kupinda kulikuwapo tangu jana, ila hakukuona mpaka alipodaiwa sentensi. Mwenzake anapinga: wake uko kabatini gizani, ni mrefu kuliko yote darasani, lakini una rangi ya njano. Sasa wana ubishi wa maana, tena wa maandishi, na kile kitabu kimoja wanachokigombea wanne kinafunguliwa kwa kiu ya jibu.

Kidato cha kwanza ndiko watoto hawa wanakokwama. Miaka yote ya msingi wamesoma sayansi kwa Kiswahili. Ghafla kila kitu ni Kiingereza, ambacho mwenzao wa shule ya kulipia alikizoea tangu chekechea. Njia ya mkato ni kunakili ubaoni. Jaribio halikufanyika, lakini daftari lina lengo, vifaa, hatua, matokeo na hitimisho, kwa mwandiko wa kupendeza! Fundi ninayemsifu huwaacha waandike kwanza walichokiona kwa Kiswahili chao, kisha wakijenge kwa Kiingereza sentensi baada ya sentensi. Inachosha, na mada za muhtasari zinamsubiri. Bado naona ndiyo njia ya haki.

Uzito wa sentensi kama hizo unaonekana kwa Erasto Mpemba. Alikuwa mwanafunzi wa kidato cha tatu katika shule ya Magamba, Lushoto, mwaka 1963, alipoona maziwa yake ya aiskrimu yaliyoingia kwenye friza yakiwa ya moto yakiganda kabla ya yale ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa. Mwalimu alimwambia amechanganyikiwa. Baadaye, akiwa shule ya Mkwawa, Iringa, alimuuliza swali hilohilo mwanafizikia Denis Osborne kutoka Dar es Salaam, huku wenzake wakimcheka. Osborne alilichukua swali hilo akalifanyia majaribio. Mwaka 1969 makala yao ikatoka katika jarida la Physics Education, na sehemu ya kwanza ni ya Mpemba mwenyewe, anasimulia alichofanya, alichoona na alivyojibiwa. Wanasayansi wanaendelea kubishana kuhusu jambo lenyewe, na wengine hawalikubali kabisa. Lakini wanabishana kwa sababu kijana yule aliandika.

Kwa hiyo, wakuu wa shule, mpeni mwalimu huyu vipindi viwili mfululizo, maana dakika 40 huishia kwenye kugawa vifaa. Nanyi wathibiti ubora, mkifika darasani msihesabu kurasa zilizojaa. Mwombeni mtoto mmoja awasomee sentensi aliyoitunga mwenyewe, kisha mumuulize amejuaje.