The Last Duel: nusu chapeo iliyoharibu pambano zima

Kabla mikuki haijagongana hata mara moja, pambano la mwisho la The Last Duel limeshaharibika, na limeharibikia chumba cha mavazi. Kamera inapomsogelea Jean de Carrouges akiwa juu ya farasi, kinga ya uso ya chapeo yake imekatwa katikati: upande mmoja chuma, upande wa pili jicho, shavu na nusu ya mdomo wa Matt Damon. Akitokea Jacques Le Gris, naye ni vivyo hivyo, nusu chuma na nusu Adam Driver. Wanaume wawili wamejifunga chuma kuanzia vidole vya miguu hadi kisogoni, wanakwenda kuuana mbele ya mfalme, na kila mmoja ameacha wazi mahali ambapo jambia likishaingia hakuna tabibu wa kumwokoa.

Mwongozaji Ridley Scott si mgeni wa kazi hii, na Janty Yates, msanifu wake wa mavazi, ana uzoefu wa miaka mingi. Ndiyo maana uamuzi huu unauma. Filamu ya mwaka 2021 iliyokuwa na fedha, farasi wazuri na kitabu makini cha Eric Jager kama msingi wake imejikwaa kwenye kipande cha chuma kisichozidi kiganja cha mkono. Sababu inajieleza: nyota wamelipwa, kwa hiyo nyuso zao zionekane. Hoja hiyo ina majibu, na Scott mwenyewe aliwahi kuyatoa. Lakini kwanza chuma chenyewe.

Basineti, yaani chapeo ya miaka ya 1380, ni kifaa kilichofikiriwa sana. Juu imechongoka ili shoka liteleze. Kwenye ukingo wake wa chini inaning'inia shela ya pete za chuma inayofunika shingo na kushuka hadi mabegani. Mbele, kinga ya uso imetokeza kama pua ya mbwa, na umbo hilo si urembo: ncha ya mkuki ikigonga pale haipati pa kukaa, inatelezea kushoto au kulia. Mianya ya macho ni myembamba, na kingo zake zimetokezwa nje ili ncha inayoteleza izuiwe kabla haijaingia. Matundu ya pumzi, kwenye baadhi yake, yamewekwa zaidi upande wa kulia, kwa sababu wa kushoto ndio unaoukabili mkuki wa adui. Anayetaka kuona mafundi wa kizazi hicho walivyofanya kazi aende ngome ya Churburg, Tyrol Kusini, ambako deraa za wakati huo zimehifadhiwa.

Sasa ikate katikati. Nusu ya uso imebaki bila kinga, na hilo kila mtu ameliona. Baya zaidi ni kwamba nusu iliyobaki inageuka kuwa adui wa mvaaji. Ncha inayogonga chuma na kutelezea upande uliokatwa haitoki tena nje. Inafuata mteremko mpaka ukingoni, kisha inaingia puani au jichoni. Umbo lililobuniwa kuufukuza upanga linaukaribisha ndani. Bora wangevaa basineti wazi kabisa, wakapata angalau pumzi na uwezo wa kuona pande zote mbili.

Na pambano linaanza kwa mikuki! Mikuki inavunjika, vipande vya mbao vinaruka usoni kwa mwendo wa farasi wawili wanaokutana. Wafaransa wanajua vizuri kipande kimoja cha mbao kinaweza kufanya nini. Tarehe 30 Juni 1559, jijini Paris, Mfalme Henri II alikuwa akishindana kwa mikuki katika sherehe tu, si vita. Mkuki wa Gabriel de Montgomery ukavunjika, vipande vikapenya kwenye chapeo ya mfalme hadi jichoni, na tarehe 10 Julai akafa. Alikuwa na chapeo nzima kichwani. Waingereza nao wana kisa chao: mwaka 1403, kwenye vita vya Shrewsbury, mwanamfalme aliyekuja kuwa Henry V alipigwa mshale usoni akiwa na umri wa miaka 16, na ikabidi mpasuaji John Bradmore abuni koleo maalumu la kuutoa. Kwa watu wa zama zile, uso ulikuwa jambo la kufa na kupona.

Wanaocheza mapigano ya kideraa leo wanalijua hilo bila kufundishwa na filamu. Buhurt, mchezo wa vikosi vinavyogongana kwa chuma halisi na ambao mashindano yake makubwa yalianza kule Khotyn, Ukraine, umepiga marufuku kuchoma kwa ncha, na bado hakuna anayeingia uwanjani uso ukiwa wazi. Chama cha SCA, kilichoanzishwa Berkeley, California, mwaka 1966, hutumia silaha za henzirani badala ya chuma, na bado sheria zake zinadai nondo za usoni zisiache nafasi inayozidi inchi moja. Watu wanaopigana kwa fimbo Jumamosi mchana wanajikinga kuliko Carrouges anayepigania roho yake.

Hapo ndipo mbinu nzima ya pambano inapoporomoka. Kupigana ndani ya deraa ni kutafuta mwanya. Upanga haukati bamba la chuma. Kwa hiyo mpiganaji anashika katikati ya upanga kwa mkono wa pili na kuutumia kama mkuki mfupi, anamkamata mwenzake, anamwangusha, anatafuta kwapa, nyuma ya paja au chini ya kidevu. Fiore dei Liberi, bingwa wa Kiitalia aliyeandika mafunzo yake mwanzoni mwa miaka ya 1400, anaonyesha waziwazi mpiganaji akimwinulia mpinzani kinga ya uso kwa mkono wa kushoto ili amchome usoni. Maana yake ni kwamba kuufikia uso ilikuwa kazi ya kutolewa jasho. Katika The Last Duel kazi hiyo imeshafanywa na mafundi wa mavazi. Kila pigo la kifuani, kila shoka la begani, kila mkikimkiki wa matopeni unaleta swali lilelile: kwa nini hamchomi usoni, pale palipo wazi?

Mengine yamefanywa vizuri. Rob Inch, aliyesimamia mapigano, amewapa wapiganaji uzito, amewaacha wachoke, na jeraha la paja la Carrouges limewekwa pale ambapo historia inalitaka.

Lakini angalia kilichopotea mwishoni. Tarehe 29 Desemba 1386, kwenye uwanja wa abasia ya Saint-Martin-des-Champs, Paris, mbele ya Charles VI, Carrouges aliyejeruhiwa alimwangusha Le Gris chini na akashindwa kummaliza. Upanga wake ulikuwa hauipenyi deraa. Kwa simulizi ya Jager, ilibidi agonge kufuli la kinga ya uso ya Le Gris kwa kitako cha jambia, akigonga na kugonga huku mtu aliye chini yake akifurukuta, mpaka likavunjika na kinga ikafunguka. Ndipo akamtaka akiri kumbaka Marguerite, mke wa Carrouges. Le Gris akakana. Jambia likamalizia. Marguerite, ambaye angechomwa moto hai kama mumewe angeshindwa, alikuwa akitazama wakati wote huo. Hakuna mwandishi wa filamu anayeweza kubuni dakika zenye shinikizo kuliko hizo: hatima ya watu watatu imening'inia kwenye kufuli dogo la chuma. Filamu imezitupa, kwa sababu kwenye nusu chapeo hakuna cha kuvunja. Jambia linaingia mdomoni moja kwa moja, na mtazamaji anayeijua habari anabaki akidai.

Safu hii ina madeni ya zamani na sinema, na hili linaongezwa kwenye daftari. Laurence Olivier, katika Henry V ya mwaka 1944, aliwapandisha mashujaa wa Ufaransa juu ya farasi kwa winchi, na kizazi baada ya kizazi kimeamini kwamba mtu wa deraa alikuwa mzigo usiojiweza. Deraa nzima ya vitani ilikuwa na uzito wa kilo 20 hadi 25 hivi, zikiwa zimegawanywa mwili mzima. Boucicaut, aliyefanywa mareshali wa Ufaransa mwaka 1391, yaani miaka mitano tu baada ya pambano la Carrouges, alisifiwa na mwandishi wa maisha yake kwa kupiga sarakasi akiwa ndani ya deraa yake, chapeo tu ikiwa kando. Mwaka 1995 Braveheart ikapigana vita vya daraja la Stirling bila daraja, na shujaa wake kichwa wazi. Tangu hapo imekuwa kama sheria: askari wa kawaida avae chapeo, mhusika mkuu apeperushe nywele. Nusu chapeo ya Scott ni mtoto wa sheria hiyo.

Na haikuwa hivyo siku zote. William Hobbs, mpangaji mapigano ambaye sinema ya Uingereza haijapata mrithi wake, alifanya kazi na Scott huyuhuyu kwenye The Duellists mwaka 1977, filamu ya kwanza ya Scott, iliyoshinda tuzo ya filamu bora ya kwanza kule Cannes. Keith Carradine na Harvey Keitel wanakatana kwa vitara mpaka hawawezi tena kuinua mikono, na kila pigo lina sababu inayoonekana. Mwaka uliotangulia, kwenye Robin and Marian, Hobbs aliwapa Sean Connery na Robert Shaw panga nzito na miili ya wazee, na uchovu wao peke yake ukaeleza kila kitu. Mapigano ya Hobbs ni kana kwamba yalianza na swali moja, mtu huyu anaogopa kupigwa wapi, na mengine yote yakafuata kutoka hapo. Swali hilo halikuulizwa kwenye pambano la 2021.

Kuhusu nyuso za nyota, ushahidi ni mwingi. Robert Bresson, katika Lancelot du Lac ya 1974, alifunga kinga za uso na kuzifanya sauti zake za chuma kuwa sehemu ya hofu, na Lancelot akashinda mashindano bila kutambulika. Bob Anderson, mchezaji wa vitara wa Uingereza kwenye Olimpiki ya Helsinki ya 1952, alipigana ndani ya vazi la Darth Vader, na dunia nzima ikatetemeka kwa mtu asiye na uso. Mwaka 2005 Scott na Yates walimvika Edward Norton kinyago cha fedha katika Kingdom of Heaven, akiwa Mfalme Baldwin IV mwenye ukoma. Ngozi ya uso wake haionekani anapozungumza, na hakuna anayekumbukwa zaidi yake kwenye filamu ile. Watu walewale, jibu lilelile, miaka 16 kabla.

Zaidi ya hayo, suluhisho lilikuwa ndani ya kifaa chenyewe. Kinga ya uso ya basineti nyingi za wakati ule ilishikwa na bawaba mbili kwenye panja, na pini zake zilichomoka; mvaaji aliweza kuiinua au kuiondoa kabisa. Scott angeanza na kinga zimeshushwa wakati wa mikuki, nembo na rangi za mavazi ya farasi zikitutambulisha nani ni nani, jinsi zilivyowatambulisha kwa watu wa Paris. Farasi wakishakufa na pumzi ikiisha, Carrouges angeinua kinga yake apate hewa, kamera ikampata Damon, na Le Gris akaiona nafasi. Le Gris angebaki amejifunga mpaka kitako cha jambia kivunje kufuli, na hapo kwa mara ya kwanza tangu mikuki ishushwe tungeuona uso wa Driver, akikana kosa lake mbele ya anayemuua. Mpangilio huo ungempa kila mwigizaji dakika yake, usingemdai fundi chuma chochote kisichokuwapo mwaka 1386, na ulikuwa umeshaandikwa na Jager kwenye kitabu ambacho watayarishaji walikinunua.