Hofu na Ufumbuzi Wake: Hadithi ya Mafumbo kwa Wasomaji Wachanga, Ikitazamwa kutoka Isiolo

Hadithi ya mafumbo humwahidi msomaji mambo mawili: kwamba ataogopa, na kwamba mwishoni ataambiwa alikuwa akiogopa nini. Makala haya yanaichunguza ahadi hiyo ya pili katika hadithi fupi za mafumbo na za mambo ya ajabu wanazosoma vijana. Yanaichunguza kutoka Isiolo, mji wa kaskazini ya Kenya wanakokutana wasemaji wa Kiborana, Kisomali, Kiturkana, Kisamburu na Kimeru, na ambako Kiswahili ni lugha ya soko na ya darasa. Mahali hapo panadhihirisha upungufu ambao kwingineko hufichika.

Mfano mkuu wa kufumbua fumbo katika nathari ya Kiswahili ulitolewa na Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar. Mzimu wa Watu wa Kale, hadithi iliyoshinda mashindano ya utungaji ya 1957-58 na kuchapishwa mwaka 1960, huanzia mahali panapoogopwa na wanakijiji na kuishia katika akili ya Bwana Msa. Kisima cha Giningi (1968) nayo hubeba jina la mahali ambapo, katika imani za visiwani, wachawi hukutanika. Mzimu hapa ni pazia tu. Nyuma yake yumo binadamu mwenye sababu zake, na akishatajwa jina, utaratibu hurudi. Hadithi za shule zimeurithi mtindo huu kwa umbo jepesi: kivuli katika gofu ni mwizi, kilio cha usiku ni paka, na mtoto hulala akiwa ametulia.

Mantiki ya ufumbuzi huo ni kwamba binadamu hatishi kama mzimu. Historia ya Isiolo haiukubali msingi huu. Katika vita vya shifta, vya 1963 hadi 1967, watu wa Waso walipoteza jamaa na mifugo, na wengi wakakusanywa katika kambi zenye ulinzi, Garba Tula na Merti zikiwa miongoni mwa mahali hapo. Waborana huziita siku zile Gaf Daba, yaani wakati wa kusimamishwa. Mwaka 1970 Bunge la Kenya likapitisha sheria ya kuwakinga askari na watumishi wa serikali wasishtakiwe kwa matendo yao ya kulinda usalama katika miaka hiyo, na Isiolo ilikuwa miongoni mwa sehemu zilizotajwa. Basi mwisho wa hadithi ya upelelezi, yaani mkosaji kutajwa mbele ya watu, ndio uliozuiwa na sheria. Mtoto aliyelelewa na bibi mwenye kumbukumbu hizo, akiambiwa kwamba kilichokuwa gizani ni mtu tu wala si jini, hana sababu ya kutulia. Pengine jini angekuwa nafuu.

Tatizo la pili ni la majina. Kiswahili kina msamiati mpana wa viumbe wa kutisha: zimwi, pepo, jini, mzimu, shetani. Kila neno lina mahali pake na desturi zake, na nyingi za desturi hizo ni za pwani. Ayaana ya Waborana ikifasiriwa kuwa pepo, msomaji hupata sehemu ya maana tu, kwa kuwa neno hilo katika Kioromo hugusa pia baraka na siku kuu. Qori Ismaris wa Wasomali, mtu anayejisugua kwa kijiti akawa fisi usiku, si zimwi, kwa sababu kinachotisha ni kwamba mchana ni jirani. Dhegdheer, mwanamke mla watu mwenye sikio refu, hukaribia zimwi zaidi. Lakini kumwita zimwi ni kulipoteza lile sikio, na hadithi nzima imejengwa juu ya kusikia kwake. Mtunzi mwenye busara atayaacha majina haya yalivyo, akayaeleza kwa matendo ya hadithi.

Mazoezi ya shule yameuzidisha upungufu huu. Tangu 1985, mfumo wa 8-4-4 ulipoanza, Kiswahili kilikuwa somo la lazima la kutahiniwa, na hadi KCPE ilipofanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023 mtahiniwa alitakiwa kuandika insha. Hofu katika insha hizo huja imekwisha tengenezwa: giza la kaniki, malaika kusimama, kijasho chembamba. Semi hizi ni mali halali ya lugha na hapana haja ya kuzifukuza. Hata hivyo, anayeitaja kaniki bila kuijua nguo yenyewe amejifunza kwamba hofu ya Kiswahili ni ya kuazima, na hofu yake mwenyewe haina Kiswahili.

Njia ya kutoka imo katika fasihi simulizi yenyewe. Katika hekaya ya Sultani Majinuni, iliyochapishwa na Edward Steere katika Swahili Tales mwaka 1870, nunda mla watu alianza kuwa paka wa Sultani. Alipokula wanyama, kisha watu, Sultani alikataa auawe, kwani mlaji na walioliwa wote walikuwa mali yake. Mwana mdogo alipotoka kumtafuta, aliua wanyama kadhaa wasio yeye, na kila mara mama yake akamwambia bado. Hapa jambo la ajabu halifutwi kwa maelezo, wala haliachwi bila chanzo. Nunda ni nunda kweli, na ni zao la nyumba ya mtawala. Ukweli hupatikana baada ya makosa mengi, kwa ushahidi wa mzee anayekumbuka.

Umbo hilo laifaa Isiolo kuliko lile la Bwana Msa, ambalo lilibuniwa kwa jamii inayotazamia kwamba mkosaji akijulikana atashtakiwa. Hadithi ya kijana wa Waso yaweza kumwacha fisi awe fisi na mtu awe mtu katika mwili mmoja, ikauliza nani alimfuga na nani alinyamaza. Wanaotunga na wanaochagua vitabu vya darasa hawana budi kuuona ufumbuzi wa namna hiyo kuwa ufumbuzi kamili, hata kama mtoto hatalala mapema.